Serikali ya Kusukumwa

Katika vyombo vyote vya safari ambavyo Mola amewajaalia wanadamu kuvibuni, si meli, si garimoshi, wala si eropleni, hakuna hata kimoja kilichopata kuogopwa na wakulima wa Usukuma wa zama zangu zaidi ya Land Rover; na sababu ya khofu ile haikuwa mwendo wake, maana mwendo wake ulikuwa wa stahamala, wala haikuwa ukubwa wake, maana lori la pamba lilikuwa kubwa zaidi na watoto walilikimbilia badala ya kulikimbia, bali sababu ilikuwa ni watu waliozoea kushuka ndani yake. Katika miaka ya 1950 alishuka Bwana Shauri na amri ya kupunguza ng'ombe. Baada yake akashuka bwana shamba na amri ya matuta, kisha na amri ya kung'oa mabua ya pamba na kuyachoma moto kabla ya msimu mpya, ili funza wa vitumba asipate pa kujificha. Uhuru ulipokuja gari halikubadilika. Waliobadilika ni washukaji, na baadhi ya amri zilibaki zile zile. Ni kweli kwamba Mwalimu Nyerere naye aliizunguka nchi kwa Land Rover ya TANU akidai uhuru, na kwa hivyo gari lile lina haki ya kuhesabiwa miongoni mwa wapigania uhuru. Lakini mtu aliyekwisha kuhesabiwa ng'ombe zake na mgeni mwenye daftari, akiona mlango wa kijani unafunguka uani kwake, hangoji kuuliza hii ni Land Rover ya upande upi.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nililetwa Kiloleli na barua ya uhamisho, mwalimu kijana mwenye sanduku la bati na viatu visivyofaa kwa masika ya bara, wakati Kiloleli ingali ya Wilaya ya Magu katika Mkoa wa Mwanza, miaka mingi kabla Mkoa wa Simiyu haujaundwa mwaka 2012 na sisi kujikuta, pasipo kuhama hata hatua moja, tumekuwa watu wa Wilaya ya Busega. Nilikuja kwa azma ya kukaa mpaka likizo. Nikaoa pale pale, nikajifunza kula michembe bila ya kuuliza samaki yuko wapi, nikabaki. Kisa hicho kina wakati wake, na wakati wake si leo. Cha leo ni kwamba mwaka 1988, baada ya mauzo mazuri ya pamba ya shamba la mke wangu, nilipanda basi kwenda Mwanza kununua baiskeli, nikarudi na Land Rover.

Ulikuwa ni mnada wa magari chakavu ya idara moja ya serikali, ambayo jina lake nitalisitiri. Nilisimama pale kwa kupisha jua tu, chini ya kivuli cha watu warefu. Lakini dalali alikuwa fasaha, na fasaha wa ulimi humtia mtu wa pwani ugonjwa ambao dawa yake ni kuinua mkono. Kanuni ya mnada ilitaka maandishi ya mlangoni yafutwe kabla ya gari kutoka mikononi mwa serikali, na mpaka rangi aliyepewa kazi hiyo aliitimiza kwa uaminifu mkubwa mpaka rangi ilipomwishia, ikawa mlango wa kulia ni safi, na mlango wa kushoto umebaki na maneno haya, kwa herufi nyeupe za taadhima: IDARA YA M.

Herufi ile ya mwisho ndiyo iliyoniletea masaibu yangu yote. Kila mtu aliikamilisha kwa kadiri ya dhamiri yake. Wenye kiu walisoma Maji, wakanifuata hadi darasani kuniuliza kisima chao kitachimbwa lini. Wenye makundi makubwa walisoma Mifugo, na vumbi la ng'ombe wanaoswagwa kwenda mafichoni likawa linanitangulia njiani. Wachoma mkaa walisoma Misitu. Na kijana mmoja wa kitongoji cha pili, ambaye bila shaka alikuwa na mambo yake na nafsi yake, alisoma Magereza, akahamia kwa mjomba wake Geita. Utauliza mbona sikununua kopo la rangi. Nililinunua. Kijani nilichouziwa kilikuwa jamaa wa mbali sana wa kijani cha awali, na mvua ya kwanza ya vuli ilikiosha chote ikakimwaga barabarani, herufi zikatoka zimetakata, zinasomeka kutoka upande wa pili wa mnada wa ng'ombe.

Na kiroja cha yote ni kwamba gari lile lililowatisha wakulima lilibuniwa kwa ajili ya mkulima. Bwana Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, na shambani mwake alikuwa akitumia Jeep kuukuu iliyoachwa na vita. Alipowaza ataibadilisha kwa nini itakapokufa, hakuona kitu cha kuibadilishia, akaamua kukitengeneza mwenyewe. Gari lilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Chuma kilikuwa adimu baada ya vita na kikitolewa kwa mgawo, lakini alumini ilikuwapo kwa wingi, basi bodi ikaundwa kwa alumini. Na rangi iliyokuwapo ilikuwa ya kijani ya jeshi, basi gari likapakwa kijani. Kwa hiyo ile haiba ya dola iliyowafanya wazee wetu watoke kwa mlango wa nyuma ilikuwa, kwa asili yake, ni masalio ya stoo.

Langu lilikuwa la mkupuo wa miaka ya 1960, la chasisi ndefu, lenye taa mbili za mbele zilizokaribiana puani kwa namna iliyolipa sura ya mtu mwenye kutafakari, na nyuma lina turubai. Tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti, na jambo hili, ambalo Waingereza waliliona ni la busara, lilikuwa na madhara makubwa kwa adabu zetu, kwa sababu kila tulipotaka kutia mafuta ilitubidi kumwomba mgeni wa heshima ashuke, tuinue mto aliokuwa ameukalia, tuingize faneli mahali alipokuwapo, kisha tumkaribishe tena aketi juu ya harufu. Mkaguzi mmoja wa shule, mtu mzito wa mwili na wa cheo, alishushwa hivyo mbele ya watoto wa darasa la tatu. Akaandika katika ripoti yake kwamba nidhamu ya shule ni nzuri ila walimu wanajishughulisha na biashara ya mafuta.

Kulikuwa na vyuma vitatu vya gia badala ya kimoja. Kirungu cha manjano ukikikandamiza chini, magurudumu ya mbele nayo yaliingia kazini. Chekundu ukikivuta nyuma, gari liliacha maringo yote likatambaa kwa nguvu ambayo hata ukuta ungeifikiria mara mbili. Chini ya kioo cha mbele palikuwa na vidirisha viwili vya bati vya kuingizia upepo, na upepo uliingia kweli, pamoja na vumbi, maganda ya mtama, na vile vidudu vya ziwani vinavyopanda jioni kutoka Ghuba ya Speke. Mtu wa mbele alikuwa hafungui kinywa ila kwa dharura. Breki zilikuwapo, lakini zilihitaji kukumbushwa: ukikanyaga mara ya kwanza zilikusikia, mara ya pili zilikubali, na mara ya tatu, kama njia ilikuwa bado haijaisha, zilitenda.

Ama stata, hiyo ilifariki mwaka ule ule wa kwanza, na tangu hapo tulitegemea mambo mawili, hendeli na mteremko. Hendeli ni chuma kilichokunjwa, hupenyezwa katika tundu la bampa mpaka kikaishika injini, kisha mtu akaizungusha kwa nguvu za kiuno chake. Na elimu yake ni moja tu, kwamba kidole gumba kisiizunguke bali kilale upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikipiga nyuma, hendeli hurusha teke kama punda, na kidole kilichoikumbatia hakitashika tena chaki kwa muda mrefu. Vijana wangu wa darasa la saba waliijua elimu hiyo kuliko walivyolijua jedwali la kumi na mbili. Ama mteremko, ardhi ya kwetu haina ukarimu mwingi katika jambo hilo. Kuna majabali makubwa yaliyosimama peke yake na kuna tambarare, na baina ya hayo mawili pana mabapa machache yaliyoinama kwa kadiri ya kuwasha gari. Niliyajua yote. Nilifikia mahali pa kuchagua marafiki kwa kutazama viwanja vyao, na watu wema kabisa waliojenga bondeni walinilaumu kwa haki kwamba nawatenga, hali mzee mmoja msengenyaji, aliyebahatika kujenga mlimani, alipata ziara zangu kila juma.

Sasa nieleze habari ya posa. Mwalimu mwenzangu alikuwa na mpwa aliyependa binti wa kijiji kimoja upande wa Ngasamo, akaniomba niwe mshenga, kwa hoja mbili: kwamba Kiswahili changu ni cha pwani, na kwamba nina gari. Tulitengeneza shati, tukatengeneza maneno, tukatia mafuta, tukaondoka baada ya adhuhuri. Tulisahau kitu kimoja: ulikuwa ni msimu wa kodi ya maendeleo. Vijana wa leo, ambao kodi ile ilifutwa mwaka 2003 wakiwa bado hawajazaliwa, hawawezi kuelewa maana yake. Kila mtu mzima alitakiwa awe na risiti, na asiyekuwa nayo alisakwa na mgambo alfajiri, njiani, mnadani, hata kilioni. Nami nimepata kuona kwa macho yangu watu wenye heshima zao, wazee wenye wajukuu, wakilala katika mashamba ya mtama majuma mazima na kupelekewa ugali kwa siri.

Basi tuliingia katika mji ule, na mji ulikuwa na moto jikoni, kiko kinachofuka moshi juu ya kigoda, mchezo wa bao ulioachwa katikati na kete bado zimo mikononi mwa vishimo, na hapakuwa na mwanamume hata mmoja. Bibi mmoja alikuwa anapepeta mtama. Nilivua kofia.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila."

"Tumekuja kwa heri. Wenyewe wako?"

"Wanaume wameenda msibani."

"Poleni sana. Msiba wa nani?"

"Bado hatujajua," akasema, na akaendelea kupepeta.

Mwenzangu, ambaye ni Msukuma na alifahamu mara moja mambo yalivyokaa, alimweleza kwa lugha yao kwamba sisi si watu wa kodi. Bibi alimtuma mtoto akasome mlangoni. Mtoto akasoma kwa sauti, kwa ufasaha uliomstahilia mwalimu wake sifa: "Idara ya M." Bibi akatutazama kwa huruma. Nikaona hapana budi kuitoa siri yenyewe, nikasema tumekuja kuposa. Ungo ukasimama.

"Zamani," akasema, "mlichukua ng'ombe mkatupa karatasi. Sasa mnataka na mabinti?"

Hapakuwa na la kuongeza. Tuliaga, tukapanda gari, na gari likakataa. Nilishuka nikachukua hendeli. Nilizungusha mpaka shati la posa likanigandama mgongoni, akazungusha mwenzangu, injini ikakohoa, ikapiga nyuma, hendeli ikachomoka ikamwangusha kitako palipokuwa na samadi mbichi, na katika kimya kilichofuata tukasikia kicheko. Kilitoka katika mtama. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyejizuia kwa muda mrefu na sasa ameshindwa, nacho kikaambukiza kingine upande wa kulia, na kingine nyuma yetu, mpaka shamba zima likawa linacheka pasipo kuonekana mtu. Kichwa kikainuka, kikafuata kingine. "Si serikali hao," sauti moja ikasema. "Serikali haipigi hendeli yenyewe." Wakaja, watu wazima wengi kuliko nilivyodhani shamba lile laweza kuficha, wakatia mikono nyuma ya turubai wakasukuma kwa furaha ya watu waliopata kisasi wasichokitarajia. Gari liliwaka karibu na kisima. Wa mwisho kutokea, amejaa makapi kichwani, alikuwa baba wa binti. Ndiyo kusema mkwe alitusukuma kwanza ndipo akatukaribisha.

Mazungumzo yalikuwa matamu. Yalipofika kwenye hesabu ya ng'ombe, mzee yule akafikiri kidogo, akasema kwamba tulipoingia alituona ni serikali, akakimbia, na hilo limekwisha. Lakini sasa amejua kwamba gari ni letu wenyewe, na watu wenye gari lao hawakosi ng'ombe wa kuzidisha. Tulimwapia kwamba gari lile si utajiri, na kama shahidi anatakiwa, yupo, amekaa nje anavuja. Hakusikia. Idadi iliyokubaliwa ilizidi ile tuliyotoka nayo nyumbani, na mjomba wa bwana harusi, kila anaponiona hata leo, hunisalimu kwanza kwa kunihesabia ng'ombe wale kwa rangi zao.

Tangu siku ile habari ilienea, nami nikapata tafauti kubwa ya mapokezi. Nilipofika mahali gari likiunguruma, watu walipotea. Nilipofika likisukumwa, walinipokea kwa maziwa. Mara moja moja, hususan kwa safari za heshima, nilikuwa nazima injini kabla ya kufika.

Wasukuma wana majina ya udongo wao, na mwenye gari hufundishwa majina hayo kwa gharama. Luseni ni mchanga mwepesi wa juu, ambao haumkosei mtu. Itogolo ni ule mgumu wa kati, ambao kiangazi ni sakafu na masika ni sabuni. Na mbuga ni ule mfinyanzi mweusi wa bondeni, unaopasuka nyufa wakati wa jua na wakati wa mvua humshika mtu asitoke mpaka aeleze ukoo wake. Land Rover inasifiwa dunia nzima kwa kupita palipowashinda wengine, na sifa hiyo ni ya haki, lakini natija yake husemwa na wachache: kwamba mwenye gari jingine hukwama kandokando ya barabara, karibu na watu, hali mwenye Land Rover hukwama katikati ya mbuga, mahali ambapo hata kunguru anapita kwa nadra.

Hapo ndipo jioni moja ya mwezi wa Machi aliponikuta namhala mmoja, yaani mzee, aliyekuwa anarudi kutoka shambani na ng'ombe wake wanne wa plau. Alizunguka gari lote bila ya kusema, akasoma mlango, akauliza kama idara hulipa. Nikamwambia gari ni langu. "Basi utalipa," akasema kwa faraja dhahiri, akafungua mnyororo. Aliniamuru niketi ndani nishike usukani, nisiguse kitu kingine chochote. Ng'ombe waliinamisha vichwa, mjukuu wake akapiga mluzi, na gari lililoshindwa kwa nguvu zake zote likatoka katika tope kwa mlio wa kubusu. Tukafika pakavu. Mzee akapiga ukelele wa kusimamisha. Lakini jua lilikuwa limezama, na ng'ombe wale walikuwa watumishi wa miaka mingi wanaojua saa ya kazi na saa ya nyumbani, wakaona kwamba saa ya pili imefika. Hawakusimama. Nilizikumbusha breki mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu; siku ile zilikuwa na maji ndani, zikaniachia niendelee. Tulikwenda hivyo, ng'ombe mbele, mimi nyuma nimeshika usukani usioamua kitu, namhala na mjukuu wake wakikimbia ubavuni, tukapita mbele ya nyumba za watu waliokuwa wakiota moto, nao wakasimama wima kwa heshima ya serikali, kisha wakaona kinachoivuta, wakaketi tena. Mwisho wa safari ulikuwa ndani ya zizi. Mlango ulikuwa na upana wa kutosha, nikisema bila ya kuhesabu kioo cha pembeni. Nililala kwa namhala yule, nikala matobolwa na maziwa ya mgando, na asubuhi alikataa fedha. Alitaka nimpelekee pamba yake kwenye chama cha msingi msimu utakapofunguliwa, nami nilimpelekea, msimu ule na mingine.

Fundi wangu alikuwa na madhehebu yake. Hakupata kukiri kwamba gari limeharibika. Alisema limechoka, na kwa kila uchovu alikuwa na tiba yake, ambayo aghalabu ilitoka jikoni kwangu. Tangi lilipotoboka, alisugua tundu kwa sabuni ya mche mpaka likaziba, na huo ni ukweli ambao madereva wa zamani wote wataushuhudia: petroli haiyeyushi sabuni. Rejeta lilipovuja, alivunja mayai mawili akamimina ute ndani, nao ukaiva kwa joto la maji ukaziba ufa kwa ndani. Gari likaenda hadi Bariadi na kurudi, kwa barabara ile ya Lamadi ambayo leo ni lami na wakati ule ilikuwa ni rai tu ya barabara, likinukia chai ya asubuhi njia nzima. Mke wangu alivumilia sabuni. Mayai hakuyavumilia. "Baba, leo kuku ametaga mawili," alikuwa ananiambia kila alfajiri kwa upole wenye miba. "Ni ya watoto au ni ya rejeta?" Na siku shafti ya gurudumu la nyuma ilipokatika, ambalo ni gonjwa mashuhuri la magari ya mkupuo ule, fundi aliichomoa vipande vyote viwili akavifunga katika gunia, akakandamiza kirungu cha manjano, akaniambia niende nyumbani kwa magurudumu ya mbele. Nikaenda, na niliendelea kwenda hivyo karibu muhula mzima, maana vipuri katika miaka ile vilikuwa vya kusubiri kwa dua.

Sungusungu nao walilipenda gari lile kwa namna yao. Jeshi hilo la jadi lilikuwa limeanzia pande za Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, likaenea Usukuma wote, na usiku filimbi ikilia lazima usimame. Mimi nilikuwa mtu pekee aliyesimama kwa shida, kwa sababu ya breki, na aliyeondoka kwa shida zaidi, kwa sababu ya stata; wakaamua, kwa hekima, kwamba mtu wa namna hii hawezi kuwa mwizi wa ng'ombe, wakawa wananisukuma wenyewe, na pinde zao mabegani, mpaka injini ikubali.

Alumini haioti kutu, na hili limeandikwa katika kila sifa ya Land Rover. Wasichoandika ni kwamba kitu kisichooza hutamaniwa. Madigadi ya kulia iling'olewa na kisiki, nikaiegemeza ukutani nikingoja fundi, na mnunuzi wa vyuma chakavu akapita mimi nikiwa shuleni, watoto wangu wakampa kwa bei ya pipi. Sote tunajua alumini chakavu huenda wapi: huyeyushwa, ikamiminwa katika udongo wa kufinyanga, ikatoka sufuria. Muda si muda mke wangu alirudi kutoka gulioni na sufuria jipya, akaniapia kwamba ni lile lile, kwamba hata mlio wake ukiligonga anautambua. Nilibishana naye kwa hoja ya kitaalamu. Sufuria lile lilichelewa sana kuchemka. Halikuweza kuwa limetoka katika gari langu.

Nilistaafu, na gari likastaafu kabla yangu kidogo, chini ya mkwaju, likawa banda la kuku ambao, kwa haki ya Mungu, walikuwa wanarudishiwa mayai yao. Kisha mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mwezi wa Oktoba Arusha kutakuwa na tamasha la Land Rover, na magari yale yangekusanyika huko kwa mamia, mazee kwa machanga, yaandamane barabarani watu wayashangilie. Nilipoona habari hiyo katika simu ya mjukuu wangu sikuamini macho: watu wanatoka majumbani mwao kwenda kutazama Land Rover, kwa hiari, na wanaisogelea.

Wiki chache kabla ya tamasha alikuja kijana kutoka Arusha, amevaa kofia ya turubai, amesikia kwamba ninalo la zamani. Aliinama chini akatazama chasisi, akapapasa bodi, akafukuza kuku kwa adabu. Nikamwambia, ili asije akasema nimemficha, kwamba mlangoni pana maandishi lakini atapaka rangi yatoweke.

"Nipake rangi?" akasema kwa mshituko. "Mzee wangu, hayo maandishi ndiyo ninayoyanunua."

Tulikubaliana bei ambayo mke wangu aliiona ni ya wazimu, naye hakusema ni wa upande gani. Wazee wa mtaa walikuja kuona linavyopakiwa juu ya lori, na waliposikia kwamba litatengenezwa liwake kwa ufunguo, mmoja wao, ambaye zamani alilala sana katika mtama, aliuliza sasa watu watajuaje kama si serikali. Lori likaondoka. Jioni, nilipokwenda kufagia chini ya mkwaju, nikaikuta hendeli imeegemea shina. Nikampigia kijana simu kumwambia ameisahau. Akacheka, akanishukuru, akasema mzee nikae nayo iwe kumbukumbu, yeye tayari ameagiza stata mpya kabisa ndani ya boksi lake. Mwezi ule ule wa Oktoba akashuka mtu kutoka basi la Arusha, akaulizia nyumba ya mwalimu wa zamani, akasema ametumwa kuifuata hendeli, na kama itawezekana, aelekezwe kidole gumba hukaa upande gani.